Manjano kwenye Picha ya Oviya

Nina mdomo mimi, hilo halina ubishi. Mwaka wa kumi na sita huu napiga picha za makovu katika kliniki moja ya ngozi hapa Singapuri, na hata madaktari wananiogopa. Mdomo huohuo ndio ulionifukuzia mama yangu nyumbani.

Januari, siku ya Pongal, sikukuu yetu Watamili ya mavuno, nilimwita binti yangu Oviya aje jikoni tushangilie maziwa yakifurika chunguni. Ana miaka mitano. Akaja mbio, akalivaa jiko, na maziwa yakammwagikia tayani na shingoni. Kidonda kilichukua wiki nne kufunga. Kwa kazi yangu nilijua maana yake. Kidonda kinachokawia hivyo huweza kuacha kovu lisilojua kukoma, linaloota na kutambaa hadi kwenye ngozi ambayo haikuungua. Likigundulika kabla halijainuka, sindano chache na plasta ya kubana hulilaza. Likishainuka, mtoto ataishi nalo.

Kuligundua mapema ndiyo kazi yetu. Tunapaka krimu yenye chembe ndogo mno, zinazama ndani ya ngozi, na zikikutana na seli zilizoanza kuota ovyo zinang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Jicho halioni kitu, kamera inaona.

Mara ya kwanza nilipomweka Oviya mbele ya kamera, shingo nzima iliwaka, mpaka nyuma ya sikio. Wenzangu walicheka hadi machozi.

"Kothai, umetuletea mtoto au mchuzi?"

Manjano! Bizari hiyo ya mchuzi nayo hung'aa chini ya taa ile. Mama yangu alikuwa akimpaka mjukuu wake kila akimwogesha, kama alivyotupaka sisi sote, na nilikuwa nimeshamkataza. Nilipomuuliza, alinikazia macho akasema hajapaka. Oviya, mshirika wake mkubwa, naye akaapa, na huku kucha za bibi yake zina rangi mpaka kwenye nyama. Ilibidi kipimo kifutwe. Aibu niliyoipata siku ile sikuimeza.

Wiki mbili baadaye tulirudia. Mwanga ukaonekana tena. Damu ilinichemka, nikampigia mama simu palepale.

"Mama, umempaka tena?"

"Sijapaka, Kothai. Naapa kwa Murugan."

"Si uliapa na juzi!"

"Juzi nilikudanganya. Leo sikudanganyi, mwanangu."

"Bibi hajapaka," Oviya akadakia kwenye kiti.

"Wewe nyamaza. Lenu moja."

Utaratibu wetu uko wazi: ukiwa na shaka, safisha ngozi kwa spiriti, paka krimu upya, kesho yake piga picha nyingine. Kesho! Niombe kamera mara ya tatu, wanicheke tena? Sikuomba. Nikaandika kwenye fomu: manjano ya nyumbani, mwanga upuuzwe.

Daktari Seow, mama wa Kichina mpole sana, aliisoma mara mbili. "Una hakika, Kothai?"

"Daktari, huyo ni mama yangu. Namjua."

Akatia saini. Yeye mambo ya manjano angeyajulia wapi? Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemsafisha shingo na kurudia picha bila neno. Huyu alikuwa wangu, na bibi yake nilimjua, basi nikajiona nimemaliza.

Jioni nilimfokea mama mbele ya mume wangu na majirani wawili. "Usimguse tena mwanangu! Mikono yako hiyo ndiyo itakayomharibu uso!"

Asubuhi mama alifungasha nguo zake, akapanda basi kwenda Kluang, kwa kaka yake, ng'ambo ya mpaka. Nikamwacha aende. Nilijiambia sasa mtoto atapona kwa amani.

Mwezi wa sita Oviya alianza kujikuna. Kovu likapanda, jekundu, gumu, likavuka mpaka wa kidonda na kushika njia ya sikio. Daktari Seow alizitoa picha zote mbili akaziweka sambamba kwenye kioo cha kompyuta. Ile ya kwanza mwanga umetapakaa kila mahali, na alama za vidole zinaonekana. Ile ya pili ni uzi mwembamba tu, kwenye ukingo wa kovu, palepale lilipokuja kupandia.

"Haya hayakuwa manjano," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo linaloniua. Ningeitazama picha ile kwa dakika moja bila hasira ningeelewa, maana ni kazi yangu ya miaka kumi na sita. Sasa kila mwezi namshika mwanangu mikono huku muuguzi anamshika kichwa, sindano inaingia kwenye kovu, naye anapiga kelele, "Mama, basi! Mama, basi!" Kovu linapungua kidogo, kisha linarudi.

Mwezi wa saba tukaenda Kluang. Mama alikuwa jikoni kwa mjomba, anachambua majani ya mlonge, amekonda. Dengu iliyokuwa jikoni ilikuwa nyeupe kabisa. Mke wa mjomba akaninong'oneza kuwa tangu mama afike hashiki manjano, hata ya kupikia.

Oviya akamkimbilia. Mama akalitazama taya lile, akaruka nyuma, akaificha mikono nyuma ya sari yake.

"Ngoja, mjukuu wangu, usinisogelee. Nisije nikakuzidishia."

Nilipiga magoti nikaishika miguu yake. Nilimweleza yote, nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwonyesha ule uzi. "Mama, kosa ni langu. Wewe ulisema kweli."

Alizitazama muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa.

"Una huruma, Kothai. Unasema hivyo nisiumie."

"Nasema kweli, Mama!"

"Uliandika mwenyewe kuwa ni manjano. Mtu aliyesoma kama wewe haandiki ovyo. Labda nilimpaka nikasahau. Uzee huu, mwanangu."

"Bibi, hukupaka," Oviya akasema. "Mimi nilikuwepo."

Mama akamtabasamia, kama unavyomtabasamia mtoto anayekusingizia mema kwa kukupenda. Nililia, nikaapa, nikamsihi aniamini. Akainama akanifuta machozi kwa kiganja chake, taratibu, shavu hili na lile. Oviya alisimama pembeni ameinua uso wake, anangoja zamu yake, na mama hakumgusa.