Aoshaye Kikombe cha Chai Nyeupe

Kila asubuhi mama mkwe alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki akinywa chai nyeupe isiyo na sukari, huku mke wa mwanawe, fundi cherehani, akikanyaga pedali sebuleni. Chai hiyo ni vichipukizi vichanga vya mchai, vilivyokaushwa bila kusagwa. Haitaki maji yanayotokota. Ina maringo kama mnywaji wake. Kopo liliahidi kwamba inaondoa maumivu ya magoti, inalainisha ngozi na kusafisha macho. Kopo halikusema uongo hata chembe. Halikusema tu maradhi hayo yakiondoka yanakwenda wapi.

Yalikwenda kikombeni. Ugonjwa ulimtoka mnywaji, ukatulia chini pamoja na majani, ukamsubiri mwoshaji. Asipotokea mpaka jua lizame, ulirudi kwa mwenyewe. Na katika nyumba ile mwoshaji alikuwa mmoja.

Goti ndilo lililotangulia. Mama mkwe aliinuka kitini bila kushika ukuta, fundi akaosha kikombe, na kufika mchana alikuwa anachechemea. Kwenye zahanati daktari aliligonga goti lile, akasema si la kwake, ni la mtu wa miaka sabini. Akamuuliza nani anaosha vyombo nyumbani. Fundi alipojibu, daktari akaandika dawa ya maumivu na kumwita anayefuata, ambaye naye alikuwa mke wa mtoto wa mtu.

Ikaja zamu ya mikunjo ya shingo. Wateja wapya wakaanza kumwamkia fundi shikamoo, na kumuuliza mama mkwe kama mama yupo. Mama mkwe hakuwasahihisha. Alisema tu, kwa sauti ya kufika sebuleni, kwamba wasichana wa siku hizi wanachakaa kama sufuria za bei poa.

Fundi alivumilia. Goti linaburutwa, shingo inafunikwa. Lakini siku mama mkwe aliposhusha kikombe na kulisoma bango la ng'ambo ya barabara mpaka herufi ndogo za chini, pedali ilisimama. Ndani ya kikombe ukungu mweupe ulikuwa unazunguka polepole.

"Mama, cha leo sikioshi."

"Kwani kimekutukana?"

"Kina macho yako. Mimi bila macho sishoni."

"Macho yenyewe mabaya, ndiyo maana nayatoa. Ulitaka nikuachie mazuri?"

Kisha akamkumbusha, taratibu, kwamba cherehani ile aliinunua yeye. Kikombe kikilala kichafu, cherehani italala kwa dada yake.

Mume, dereva wa lori, alikuja kula mchana akakuta nyumba imenuna. Fundi alimwomba aoshe yeye, mara moja tu. Mume alilitazama karai la vyombo kwa heshima, akabaki mbali nalo. Akaeleza kwamba dereva mwenye ukungu machoni ni msiba wa watu wengi.

"Na fundi je?"

"Cherehani haigongi mtu."

Akala, akashiba, akamsifu mama yake kwa kupendeza, akaondoka.

Ikabaki kuchagua: macho bila cherehani, au cherehani bila macho. Fundi alichagua cherehani, maana vidole vilikuwa bado vyake. Mama mkwe alikuwa hajaanza kulalamikia vidole. Akakiosha kikombe jua likiwa limegusa paa la jirani. Ukungu ulimpandia mikononi, ukatafuta njia ya juu, ukafika. Kesho yake mama mkwe aliuangalia mkono wa gauni la mteja kutoka kule kule barazani, akatangaza kwamba mshono umekwenda upogo. Alikuwa sahihi. Mteja akachukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine, na wiki ile wengine wakamfuata.

Ndipo siku moja, mama mkwe akiwa matembezini, maana sasa alitembea sana, fundi alichota vichipukizi kidogo kwenye kopo. Akaacha maji yatulie, akamimina, akanywa. Goti likanyooka. Shingo ikajikunjua kama kitambaa chini ya pasi. Ukungu ukashuka kikombeni, na uzi ukapita kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza. Akakipeleka kikombe mezani, akakiweka mbele ya mume, ambaye siku ile hakuwa na safari.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Si ukioshe?"

Akakisogeza kwa kiwiko ili apate nafasi ya sahani.

Mama mkwe aliporudi alilinusa kopo, akalifungia kabatini, na ufunguo akautia kifuani. Alisema chai ile ni ya wagonjwa. Fundi hakuwa na muda wa kubisha: kikombe kilikuwa bado mezani, hakijaoshwa. Alikuwa ameinamia gauni la mteja wa mwisho, anashona mshono mwembamba, ulionyooka, hasimami hata kunywa maji, mpaka giza likaingia. Lilimwingia yeye kwanza, kisha chumba.