Bolti ya Nne ya Propela

Gordon alikuwa amelala chali chini ya gari lake tangu saa tatu asubuhi, na ilipofika saa sita alikuwa hasemezeki. Kutu ilikuwa imemwingia machoni, grisi masikioni, na propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa bado mahali pake. Bolti nne tu ziliishika kule nyuma kwenye difu, lile sanduku la gia katikati ya magurudumu. Tatu zilikuwa zimetoka baada ya matusi mengi. Ya nne ilikuwa imekula njama na shetani.

Fundi yeyote wa pale mtaani kwao Mamboleo angeifungua kwa nusu saa. Lakini Gordon alikuwa ameapa kwamba fundi hatagusa tena gari lake, maana wa mwisho alilirudisha likitetemeka kuliko lilivyoenda. Tena, tuseme ukweli, kazi hiyo ingengoja hadi Jumatatu. Lakini siku hiyo ndiyo aliyokuwa akija maro, mama mkwe wake, kutoka Muhoroni. Miaka miwili tangu waoane, mama huyo hakuwa amekanyaga kwao. Alikuwa amesema wazi kwamba hajui mwanawe ameangukia mikononi mwa nani, na kwamba siku moja atakuja ajionee mwenyewe. Gordon alitaka kumpokea stendi saa nane, kwa gari lisilotetemeka, na mtetemo ulitoka kwenye propela hiyo. Alitaka akubaliwe na mama huyo hadi usingizi ulikuwa unampaa.

Kazi yenyewe ilihitaji watu wawili. Mmoja chini na spana, mwingine ndani kwenye handibreki: akiivuta, propela haizunguki bolti inapofunguliwa, akiiachilia, inageuzwa kwa mkono hadi spana ipate pa kuingia. Mtu wa ndani alikuwa Seline, mkewe, na Seline alikuwa amekimbia jikoni kuwaokoa samaki wasiungue.

"Dakika moja!" Gordon alinung'unika peke yake. "Dakika moja ya Seline ni kama kungoja stima irudi."

Nyayo zikasikika uani.

"Umerudi? Ingia kwa gari! Vuta handibreki!"

Nyayo zikasita. Kisha mlango ukafunguka, gari likanesa kidogo, likatulia.

"Vuta! Si hivyo! Vuta kama mtu amekula! Woi, huyu mwanamke nilimtoa wapi?"

Handibreki ikalia. Gordon akaisukuma spana kwa nguvu zake zote. Ikateleza, akachubuka vidole vitatu.

"Achia! Si nimesema achia? Kichwa yako iko na maji? Kila siku nakufundisha kitu moja!"

Ikaachiliwa. Gordon akaigeuza propela, akaipata bolti kwa upande mzuri zaidi.

"Vuta tena. Na usilale!"

Safari hii ilivutwa kwa nguvu za ajabu. Bolti ikalia, ikalegea, ikatoka. Ncha ya propela ikamwangukia kifuani, na maumivu yake hayakumshughulisha hata kidogo.

"Imetoka! Seline, imetoka!"

"Nini?" Seline akaitika, kutoka jikoni.

Gordon akageuza shingo polepole. Miguu ilikuwa ikishuka kutoka garini, imevaa viatu vyeusi vya kanisani, vimepigwa rangi vikang'aa.

Mbele ya maro, mwanamume wa Kiluo hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Gordon akatambaa kutoka chini ya gari, akabaki amepiga magoti, macho chini, uso mweusi kwa grisi.

"Nilifika mapema nikachukua boda," mama mkwe alisema.

"Mama, nisamehe. Sikujua ni wewe. Haki ya Mungu, nilidhani ni Seline."

Mama akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Gordon kuliko kelele.

"Najua ulidhani ni Seline," alisema. "Hiyo ndiyo nilikuja kuona."