Wimbo wa Kuchuma Buluberi

Tik. Kilikuwa kitufe cha redio. Alfayo, mume wangu, alikizungusha gizani kabla sijapata kiberiti cha taa. Mtangazaji akasema wimbo unaoongoza nchini bado ni ule ule wa Alfayo Okemwa wa Marani, watu wanauomba kutoka Mombasa hadi Busia. Gitaa likaanza. Taa sikuiwasha.

Wimbo haukuwa wake. Ulikuwa wa egesangio yetu, kikundi cha wanawake wanaofanyiana kazi kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Mwaka wa sitini na tisa bwana shamba alileta miche ya buluberi aijaribu kwenye udongo wetu wa chai, na mimi nikakubali kuipanda. Ni tunda dogo la buluu, huchumwa moja moja kwa ncha za vidole ili unga wake mweupe usifutike. Tena ni tamu, humshinda hata mtu mzima. Ndiyo maana tulipochuma tuliimba bila kukoma: kinywa kinachoimba hakili. Kila mama alitia ubeti wake. Aliyenyamaza, na mara nyingi alikuwa Persis, aliambiwa, "Persis, hebu tuone meno." Lakini ubeti mmoja ulikuwa wa Nyamoita, kiongozi wetu. Humo alimwita Mogire, mwanawe aliyekufa kwa surua, amletee kikapu. Tukifika hapo tuliitikia kwa sauti ya chini.

Alfayo alikuwa akitusikiliza kutoka kibarazani. Akaenda Nairobi, akarudi na sahani ya santuri yenye jina lake. Ubeti wa Mogire aliufanya kiitikio, akauchangamsha, na sasa baa zote za Kisii mjini zinaupiga.

Juma lile matunda yaliiva yote kwa pamoja. Lori la mnunuzi lingefika Ijumaa jioni, na sisi Wasabato jua likitua hatuchumi tena. Bwana shamba alikuwa amesema wazi kwamba mnunuzi akikosa mzigo safari hii hatarudi, na miche itang'olewa. Mimi peke yangu, mtoto mgongoni, nisingeweza. Ila zamu ya Ijumaa ilikuwa yangu.

Nilimwomba Alfayo twende wote kwa Nyamoita, aahidi kurekebisha jina na kuutoa ule ubeti. Akacheka.

"Mama Kemuma, wimbo wa shambani una mwenyewe? Ni kama kuni za msituni tu."

Asubuhi akashika gitaa lake akarudi Nairobi.

Nikaenda peke yangu. Nyamoita alinipa kigoda na uji, akampakata mwanangu. Kwenye masomo ya jioni ya watu wazima nilikuwa nimejifunza maneno mazuri ya kuomba radhi, lakini yote yalinikimbia. Nikasema tu, mama, nisamehe.

"Binti yangu, wewe sikukasirikii," akasema. "Juzi nilipita mjini. Walevi walikuwa wanamwita Mogire huku wanatikisa viuno. Sasa nikija kwako nitaimba nini? Na nisipoimba, si nitakumalizia matunda?"

Akacheka kidogo. Nami nikacheka, na kwa kicheko hicho nikaenda nyumbani nikiamini watakuja.

Ijumaa niliamka mapema nikapika uji wa sufuria kubwa. Nilipanga vikapu, kila kimoja mwanzoni mwa mstari wake, nikavifunika majani ya ndizi. Matunda yalikuwa na umande, matawi yameinama kwa uzito. Ndege walikwisha kuanza kazi yao. Ukungu ulipoanza kupanda nikasikia miguu ya watu wengi na mazungumzo ya chinichini. Kemuma, binti yangu mkubwa, akakimbilia langoni. Nilijifuta mikono kwenye leso, nikachota kikombe cha kwanza, cha Nyamoita.

Miguu haikupunguza mwendo. Niliwaona kupitia ua, Nyamoita mbele, Persis nyuma yake, wakielekea kwenye chai ya jirani yetu Obwocha kule mteremkoni. Hakuna aliyekuwa akiimba.

Kemuma akarudi polepole, akasimama mbele yangu.

"Mama, wamepita."