Kigae cha Kumi na Nane

Katika miaka thelathini na mmoja ya kutunza ghala la makumbusho, sijapoteza hata ukucha wa sanamu. Kwa hiyo Gundi, binti anayeunga vyungu vya kale, aliponitangazia mbele ya watu kwamba nimepoteza kigae, nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Bado alikuwa amesimama pale pale.

"Kitabu changu kinasema kumi na saba," nikamjibu.

"Basi kitabu kimekosea, Mzee. Pembetatu zilizochorwa shingoni mwa chungu hiki zote zinalingana. Hapa tu hazikutani. Kinakosekana cha kumi na nane."

Alikuwa amevipanga vigae duara juu ya sinia la mchanga, akaacha pengo la vidole viwili. Mkurugenzi alilitazama pengo, kisha akanitazama mimi. Akanipa hadi saa tisa alasiri: kigae, au barua ya kujieleza. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu.

Nilipekua ghala zima. Nilikung'uta hata viatu vyangu.

Saa saba mke wangu akaniletea chakula, kikapu kimefunikwa kitambaa cha maua alichokifuma mwenyewe. Alinikuta nimepiga magoti chini ya meza.

"Baba, unasali au umeanguka?"

Nikamweleza. Akaliendea sinia, akainama, akaanza kucheka.

"Mama, usiguse!" Gundi akamaka. "Kina miaka elfu mbili!"

"Sigusi, mwanangu. Hebu visogeze wewe, hivi viwili vya kando ya pengo."

"Pembetatu itaharibika sura."

"Na iharibike. Sogeza."

Gundi akasogeza. Kingo zikaumana barabara, bila hata upenyo wa unywele. Pale kwenye kiungo ikajitokeza pembetatu moja nyembamba, imebanwa na wenzake kama muumini aliyechelewa kwenye benchi la kanisa.

"Huyu mfinyanzi alianza kwa madaha," mke wangu akasema. "Akazunguka, akazunguka, kufika mwisho nafasi hana. Akabana."

"Watu wa kale hawakufanya kazi ovyo," Gundi akanung'unika, ingawa sauti ilikwisha kupoa.

"Umewajua lini?" Akakunjua kitambaa cha kikapu. Maua kumi na moja yalikuwa yamenawiri. La kumi na mbili, pembeni, lilikuwa limekonda kama mgonjwa. "Mzee wako hapa anakitazama kila siku mwaka wa tisa huu. Eti hakuna kinachompita!"

Nilikohoa.

Saa tisa mkurugenzi alipoingia, Gundi alimwambia mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake. Nikafungua kitabu changu, nikaandika kwa wino: *Vigae kumi na saba. Hakuna kilichopotea.*

"Andika na kwamba mfinyanzi alikosea hesabu," mke wangu akanihimiza.

Nilimjibu kwa ukali kwamba kitabu cha ghala si mahali pa umbea. Walipotoka, niliandika hayo pia. Lakini kwa penseli.