Makazi ya Shangazi Cheche

Ofisini kwetu tunapanga mji kwa rangi. Njano ni makazi, zambarau ni viwanda, na shangazi yangu alikuwa akichomelea mageti katikati ya njano. Jina la Cheche halikumjia bure. Mageti hayohayo ndiyo yaliyonisomesha mipango miji, nikaajiriwa na ofisi inayotaka kumfungia karakana. Kikulacho ki nguoni mwako, na kikulacho chenyewe ni mimi.

Mwaka huu wakubwa walitangaza kwamba mpango wa mji utabadilishwa ili uchumi ukue. Nikajua shangazi kapona. Kumbe rasimu iliruhusu maduka na saluni majumbani, mafundi ikawasahau. Uchumi gani huo unaokua kwa kusuka nywele tu, sijui. Nilinuna mpaka chai ya ofisini ikanishinda. Shangazi asingeingizwa kwenye mpango, angehamishiwa kule kwenye zambarau, porini, ambako hata mwizi wa mageti hafiki.

Siku ya mkutano wa maoni shangazi alisimama ukumbini na ovaroli lake.

"Mkurugenzi, mmeandika wenyewe kwamba kwetu ni eneo la makazi. Ikiwa ndogo ni kazi, ikiwa kubwa si ndiyo makazi? Mimi nafuata mpango wenu."

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi, ambaye hapendi kuchekwa akiwa amevaa tai, akamwomba jirani wa shangazi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, atoe hukumu. Huyo ndiye aliyekuwa akija ofisini kwetu kila mara kulalamikia kelele za karakana.

Mwalimu akakohoa, akaeleza kwamba neno hilo linatokana na kukaa na halina undugu wowote na kazi. Mkurugenzi akatabasamu. Shangazi naye akauliza, kwa heshima zote, wale watoto wanaojaa sebuleni kwa Mwalimu kila jioni huwa wanakaa tu, au kuna kazi inafanyika?

Tuisheni nayo haikuwamo kwenye rasimu.

"Nawafundisha," Mwalimu alisema. "Kelele zako zinaniua, dada yangu. Lakini Mkurugenzi, ukimfungia huyu, nifungie na mimi."

Fundi cherehani akasimama. Akafuata fundi redio, kisha mama anayeoka mikate uani. Mkurugenzi akatazama ukumbi, akaona mji mzima una makosa, akaniagiza niwaingize mafundi kwenye rasimu, mradi jirani wa karibu aridhie. Nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, maana mshahara bado naupenda.

Tulipotoka, Mwalimu alimwambia shangazi kwamba ameridhia, ila mashine zizimwe watoto wakiwa darasani. Halafu akashusha sauti, akaomba atengenezewe madawati ya chuma, kwa kuwa watoto wanakalia ndoo, na akayataka haraka.

"Utayapata, Mwalimu," shangazi akamjibu. "Lakini chuma hakikatwi kwa kunong'ona."