Nta Ndani ya Nguzo

...na shingo nayo imeanza kuuma, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa ameketishwa kama mtoto anayenyolewa, joho la Mkuu wa Chuo mabegani, manyoya yake yananuka dawa ya nondo, na huyu mchoraji, Bwana Pym, kila akisogea anapumua samaki wa siki, na kule dirishani Ormerod anajichokoa meno, Ormerod mwenye kiwanda cha kumimina chuma, diwani, mjumbe wa baraza la chuo, ndiye aliyeagiza picha hii ichorwe, ametoka kula matumbo ya ng'ombe na vitunguu na harufu imemfuata mpaka humu ofisini, na Profesa Holroyd akahisi kinyaa kikimpanda kooni, akakimeza, kikapanda tena, kama kinavyompanda tangu asubuhi alipoisoma barua ya Fairhurst... "Kidevu juu kidogo, Profesa," alisema Pym. Juu. Maisha yake yote ni juu, juu, mtoto wa fundi wa viatu vya mbao, wa miaka kumi na minne anapaka grisi injini za treni, jioni yumo darasani na vibarua wenzake anasinzia juu ya hesabu, thelathini na minne ni profesa wa kwanza wa uhandisi mjini hapa, kisha kitabu chake cha nguvu za chuma ambacho wanafunzi wanakikariri kama katekisimu, kisha Mkuu wa Chuo, na Alhamisi ijayo atakata utepe wa jumba jipya la majaribio, nguzo kumi na mbili za chuma, zawadi ya Ormerod, na juu ya nguzo hizo ukumbi wa wanafunzi mia mbili, mia mbili, na kila mmoja wao ana mama... "Huyo Fairhurst wako," Ormerod alikuwa anasema, "juzi nimemkuta anagonga nguzo zangu kwa nyundo, ngo, ngo, ngo, anazitegea sikio kama daktari wa kifua. Nikamwuliza, we bwana, unatafuta nini humo, panya?"

"Anasema nguzo ya tisa inalia vibaya," Holroyd alisema bila kufungua mdomo sana, maana mdomo ndio ulikuwa unachorwa.

"Inalia! Basi mpe leso!" na Ormerod akacheka mpaka tumbo likatikisika, na Pym naye akacheka, mchoraji hucheka anapocheka mwenye kumwagiza, na Holroyd, Mungu amsamehe, naye akacheka, kidogo, puani, akajisikia akicheka na akachukia sauti ile kuliko harufu ya vitunguu. Barua imo mfukoni, chini ya joho, ukurasa mmoja tu, Fairhurst haandiki maneno mengi, alikuwa mwanafunzi wake na sasa ni mwalimu chini yake, anaomba ruhusa atoboe nguzo ya tisa kabla ya Alhamisi, tundu moja, jembamba kama kidole cha mtoto, basi. Na saa tisa baraza linakaa, na Jumapili, kwenye chai, kwa Ormerod, na keki ile kavu, walishakubaliana kwamba Fairhurst aondoke, hana adabu kwa wafadhili, inatakiwa kauli ya Mkuu tu na Mkuu atanyanyua mkono, mkono huu huu ambao Pym anasema ameuchora vizuri, na kweli, umetoka mweupe, mnene, laini, kama kitu kilichochemshwa, mkono wa nani huu... "Na cheti si kipo?" Ormerod aliuliza. "Umekitia sahihi mwenyewe." "Kipo," alijibu. Kipo, vyeti vipo, kabati zima limejaa, miaka ishirini na mitano ya vyeti, na kila kimoja ni cha kweli na kila kimoja kinatia kichefuchefu, kwa sababu hakuna anayeipima nguzo yenyewe, nguzo ni kubwa, haiingii kwenye mashine, kiwanda kinamimina nguzo na pembeni kinamimina ufito, kajiti ka chuma urefu wa yadi moja, kinaleta ufito chuoni, profesa anauweka kwenye mashine, anaupakia uzito mpaka ukatike, anaandika umestahimili ratili ngapi, na kwa karatasi hiyo nguzo inahesabika nzima, na kila mhandisi katika nchi hii, kila mmoja, anajua kwamba ufito humiminwa na fundi bora, asubuhi, kwa chuma cha moto kutoka katikati ya mtungi, na nguzo zinapata kitakachobaki. Na wanafunzi wake amewafundisha hivyo hivyo, ufito ni nguzo, waungwana, andikeni. Waliandika wote. Fairhurst peke yake alinyanyua mkono, miaka ile, uso umejaa chunusi, akauliza, "Samahani Profesa, kwa nini tusiikate nguzo?" na darasa likamcheka, na profesa aliacha wacheke.

"Hapa shavuni pana kovu la ndui," alisema Pym, "nitakuzibia," akachota rangi kidogo, akaibandika kwenye picha, akaisawazisha kwa kidole gumba, pole pole, akaifuta ukingo kwa kitambaa, na Holroyd aliyatazama mapigo yale ya kidole akayatambua, maana ndivyo wanavyofanya, ndivyo hasa, nta na masizi na unga wa chuma, unaviyeyusha pamoja, unakandika kwenye tundu ambalo hewa imeliacha ndani ya chuma, unasawazisha kwa kidole, vikipoa hakuna jicho litakaloona, mafundi hufanya kwa siri nguzo isikataliwe na ujira usikatwe, na mwenye kiwanda hajui au hataki kujua... kiwanda cha kufuma cha Fell Lane, ghorofa ya tatu, Ijumaa, saa nne asubuhi, ghorofa ilishuka na mashine zake zote na wafumaji kumi na mmoja, na yeye akaitwa, mtaalamu, bado si profesa, kura ya uprofesa ilikuwa wiki iliyofuata, akasimama kwenye vumbi la pamba mbele ya nguzo iliyokatika, akaona nta, nyeusi, inang'aa, tundu la kutosha ngumi, na akanyamaza kwa sababu wamekwisha kufa, ndivyo alivyojiambia, kusema hakutamfufua mtu. Mbele ya tume ya uchunguzi wakamwuliza ufito ulistahimili kiasi gani, akawatajia mpaka robo ya ratili. Wakamwuliza, "Nguzo hiyo uliiona lini kwa mara ya kwanza?" akajibu, "Siku ya ajali, bwana." Wakamshukuru. Wiki iliyofuata baraza la chuo likampa uprofesa, wajumbe wote, bila mmoja kupinga, mtu makini, mtu wa tarakimu.

Siku ya ajali... "Usikunje uso, Profesa." Ormerod alikuwa ameanza habari ya bendi itakayopiga Alhamisi, tarumbeta nane, na Holroyd alimtazama, ndevu zenye mafuta ya chakula, mnyororo wa saa juu ya tumbo, akaitafuta ile chuki yake ya zamani aliyoizoea, mnafiki mkubwa huyu, mla watu, akaikuta chuki haina nguvu, maana Ormerod hakujua, nguzo ya Fell Lane ilitoka kiwandani kwake lakini Ormerod hakujua kitu, alilia kama mtoto siku ile, akakaa chini kwenye vumbi na kofia yake, nani basi alijua, Clegg alijua, Enoch Clegg, fundi wa Ormerod, aliyeikandika ile nta kwa kidole chake mwenyewe na akaenda nayo kaburini kimya, na Clegg alimwambia mtu mmoja tu, alikuja mlangoni pa nyuma, kofia mkononi, hakutaka kuketi, "Bwana Holroyd, mimi si mtu wa kusema ovyo, ila nguzo ile ya Fell Lane niliiziba mwenyewe na usingizi umenikataa, binti yangu Keziah amepata kazi pale juu, njoo uione, bwana wangu, wewe watakusikiliza, mimi watanifukuza tu," na wakaenda, wawili, wakati wafumaji wametoka kula, na Holroyd akatoa kisu chake cha kuchongea kalamu, akakwangua, kipande cha nta kikadondoka kiganjani, laini, bado kina alama ya kidole, na akamwambia Clegg, "Niachie mimi," akakirudisha kwenye tundu lake, akakisawazisha, yeye mwenyewe, kwa kidole gumba, kwa sababu kura ilikuwa karibu na Ormerod alikuwa na sauti kwenye baraza, atasema baada ya kura, siku chache tu, nguzo imekaa mwaka mzima itashindwaje kukaa wiki. Si siku ya ajali. Miaka ishirini na mitano amesema siku ya ajali, kwa mkewe, kwa mchungaji, kwake mwenyewe kitandani, mpaka akaona vumbi ambalo, siku aliyoiona nta mara ya kwanza, halikuwapo, na kinyaa hiki chote alichomtupia Ormerod na vitunguu vyake na Pym na samaki wake kilikuwa kinatafuta njia ya kurudi nyumbani kwake, basi na kirudi. Kabla. Aliiona kabla. Saa tisa atawaambia, si habari ya ufito, watu watachoka kusikia ufito, atawaambia jina la Clegg na siku aliyokuja, na Fairhurst atatoboa nguzo ya tisa hata kama ni nzima kama mwamba, na Mkuu wa Chuo hatakuwapo Alhamisi, wala hiki kiti, na Ormerod atafoka, na afoke... "Umebadilika uso," Pym alilalamika, akiinua brashi, "ule wa mwanzo ulikuwa mzuri zaidi, Profesa, nirudishie ule," na Ormerod bado alikuwa kwenye tarumbeta, na saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata nane na nusu, na Holroyd alikaa vile vile alivyowekwa, kidevu juu, akihesabu, maana Clegg alikuja Jumatatu, na Jumanne Keziah alipanda zile ngazi, na Jumatano akapanda, na Alhamisi, na Ijumaa ile ghorofa iliposhuka, mara nne, msichana wa miaka kumi na saba na chakula chake kwenye kitambaa, na mara zote nne yeye alikuwa anajua.