Mnara Wasioupanda Wanafunzi

Baba aliwasili Bologna asubuhi ya mvua, amevaa suti ya harusi yake. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa treni kutoka kwetu kusini, siku moja kabla ya mahafali yangu, ili auone mji ulionikalisha miaka saba. Mama na shangazi zangu wangefuata kwa basi la usiku. Kasoro ilikuwa moja tu: mahafali hayakuwepo. Niliacha kufanya mitihani tangu mwaka wa tatu, na kila simu ya nyumbani niliijibu kwa uongo mpya juu ya ule wa zamani. Niliapa nitamwambia leo, kabla giza halijaingia.

"Donato! Umekonda hivyo, vitabu vimekula nyama yote?"

"Ndiyo, Baba." Uongo wa kwanza wa siku, na hata kahawa hatujanywa.

Tulitembea chini ya matao ya barabarani, mvua ikimwagika pembeni. "Raha bwana," akasema. "Mvua inanyesha, nao wanatembea wakavu. Waoga wa maji hawa!" Baba ni kinyozi, hutazama kichwa cha mtu kabla ya uso. Walipopita wahitimu wawili wenye mashada ya majani kichwani, marafiki wakiwaimbia, kwa desturi ya huko, matusi ya kuwapongeza, alisimama mpaka wakatokomea. "Kesho ni wewe. Nitakunyoa kwanza. Shada halikai juu ya kichaka hicho."

Kwenye uwanja mkubwa alilishangaa kanisa la San Petronio. Marumaru yake huishia nusu ya ukuta, juu ni matofali matupu.

"Mafundi walikwenda wapi?"

"Hawakumaliza. Imepita zaidi ya miaka mia sita."

"Ebo! Wewe umemaliza kwa saba. Umewatia aibu."

Nilifungua mdomo nimwambie pale pale. Nikamwonyesha njiwa. Najichukia kwa njiwa wale mpaka leo.

Mchana tulikula mkate wenye mortadella, soseji nene ya huko, kisha akauona mnara wa Asinelli. "Tupande," akasema. Niliitikia upesi, nikakata tiketi mbili. Nilidhani huko juu, mbali na watu, ulimi utafunguka. Nilifikiria na jambo jingine pia, ambalo sikutaka kulitazama usoni.

Mlangoni, msichana mmoja alikuwa akibishana na mama yake.

"Panda nasi, Ludovica, acha ushirikina!"

"Sipandi ng'o! Nahitimu Alhamisi, Mama, unataka kuniharibia? Pandeni nyinyi."

Mama yule akamgeukia Baba. "Unawasikia wanafunzi wa hapa? Eti ukipanda kabla hujahitimu, hutahitimu kamwe. Hakuna hata mmoja anayethubutu."

Mimi nilikuwa ngazi ya sita tayari. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nikivuka barabara ili nisipite hata karibu na mnara huu. Nilipoacha mitihani, hofu nayo iliisha. Mwongo mwenye akili angekumbuka kukataa.

Baba aliutazama mguu wangu, kisha uso. Ngazi ni mia nne tisini na nane, za mbao na nyembamba, na njia nzima nilimsikia akihema nyuma yangu. Hakuomba kupumzika hata mara moja.

Juu kulikuwa na upepo na mapaa mekundu yaliyolowa. Baba alisimama nyuma yangu, akapitisha vidole ndani ya mkanda wa suruali yangu, akakaza.

"Imebaki mitihani mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na kesho ungetupeleka wapi?"

Nikatazama chini. Akauvuta mkanda mpaka tumbo likaniuma.

"Nitazame mimi," akasema. "Huko chini hakuna kitu." Sauti ilikuwa ikimtetemeka, na hapo nikaanza kulia mbele ya wageni bila haya.

Aliniacha nikalia. Kisha akasema, "Mpigie mama yako."

"Mpigie wewe, Baba. Nakuomba."

"Mkono wangu una kazi."

Mama alikuwa saluni, akitengenezwa nywele za kesho. Kwetu kila mwenye shahada huitwa daktari, hata aliyesomea sheria, na siku hiyo uvumilivu ulikuwa umemwisha.

"Daktari wangu!" akapaza sauti, na wanawake wote mle ndani wakapiga makofi.

"Mama, mimi si daktari."

"Najua, mpaka kesho saa tano!" Akacheka. "Siku moja tu, niache nijifurahishe."

"Hata kesho, Mama."

Makofi yalififia, mtu akazima mashine ya kukaushia nywele. Kisha nikamsikia Mama akisema kwa sauti ndogo, si kwangu, "Nitoleeni hizi rola kichwani."